Mpunga huota, mchele hauoti: somo la viumbe hai lifanywe kwa mikono

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuzungumze na walimu wa sayansi, watunga mitihani, na wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani za watoto. Jambo lenyewe ni mada ya mwanzo kabisa ya biolojia: kipi ni kiumbe hai na kipi si kiumbe hai. Kwa kuwa inaonekana nyepesi, mada hii hupitishwa mbio. Mtoto huandikiwa ubaoni sifa saba, yaani kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kutoa takamwili na kuzaliana. Anazikariri, anazimwaga siku ya mtihani, somo limekwisha. Mpe punje ya haragwe kavu umuulize kama ina uhai, utaona anavyobabaika. Wengi hujibu kwamba haina, kwa sababu haili, haijongei wala haipumui, na wapo wasahihishaji wanaompa alama kwa jibu hilo. Jibu hilo si sahihi, na linatuuma kuona linapewa tiki.

Sifa saba zenyewe hazina kosa. Kosa ni kuzitumia moja moja, tena kwa kutazama tu. Moto hula kuni, huvuta oksijeni, hutoa moshi na majivu, hukua, na cheche yake huzaa moto mwingine ng'ambo ya barabara. Gari hujongea, hunywa mafuta, huvuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji, vitu vilevile tunavyovitoa puani. Tofauti iko ndani. Mwili wa kiumbe hai umejengwa kwa seli, iwe moja au matrilioni. Ndani ya seli chakula huvunjwa hatua kwa hatua kwa msaada wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, na nishati inayopatikana hutumika kuijenga na kuikarabati seli hiyohiyo, kwa maelekezo ya vinasaba vilivyorithiwa. Moto unaunguza kuni lakini hauna chake unachokijenga. Petroli haijapata kuziba tundu la gari.

Sasa turudi kwenye haragwe. Haragwe lililokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 12 au 13 hivi. Kwa maji machache namna hiyo kazi za ndani karibu zote husimama, na upumuaji hushuka hadi kiwango ambacho huwezi kukigundua bila kifaa. Hata hivyo kiinitete, yaani mche mchanga, kimo humo, na seli zake ni nzima. Kuna mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Ilipandwa mwaka 2005 ikaota. Kwa hiyo mbegu kavu ni kiumbe hai aliyelala, na darasa linaweza kuthibitisha hilo kwa vitu vya jikoni.

Chukua punje kumi kumi za mpunga, mchele, choroko nzima, choroko zilizopasuliwa, maharage makavu, na maharage yaliyochemshwa kwa dakika 10. Loweka kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji na uzifunge kila aina katika kitambaa chake kibichi. Nyunyizia asubuhi na jioni. Choroko nzima huanza kutoa mzizi siku ya kwanza au ya pili, maharage siku ya pili au ya tatu, mpunga huchelewa kidogo. Mchele hautaota hata ukiuombea, kwa sababu mashine ya kukoboa huking'oa kiinitete pamoja na pumba na kinachobaki ni akiba ya wanga. Choroko zilizopasuliwa nazo zimeharibiwa kiinitete, na maharage yaliyochemshwa yana kila kitu isipokuwa vimeng'enya vinavyofanya kazi, maana joto limevivuruga. Hapo mtoto ameona kwa macho yake makundi ambayo daftari huyachanganya: kilicho hai, kilichowahi kuwa hai, na kile ambacho hakijapata kuwa hai, kama kokoto. Ubao wa meza, ngozi ya kiatu, makaa na unga wa ugali ni vya kundi la katikati, na vitabu vingi huviweka pamoja na kokoto bila maelezo.

Jaribio hili huharibika kwa njia zinazojulikana. Walimu wengine huziacha mbegu zimezama majini siku mbili tatu. Mbegu hukosa oksijeni na kuoza, kisha darasa linaambiwa zilikuwa zimekufa tangu mwanzo. Wengine hununua mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa dawa yenye rangi nyekundu au buluu. Hiyo ni sumu na mtoto asiishike. Maharage ya zamani yaliyokaa ghala lenye joto huota machache tu, kwa hiyo yajaribuni kabla ya kipindi.

Darasa lililo na chupa mbili za chai zinazohifadhi joto na vipimajoto viwili linaweza kwenda mbele zaidi. Tia gramu 250 za maharage yaliyoanza kuota katika chupa moja, na kiasi hichohicho cha yaliyochemshwa na kupoa katika nyingine. Ziba kwa pamba, si kwa kizibo, ili hewa ipite. Baada ya siku mbili chupa ya mbegu zinazoota itakuwa na joto zaidi, kwa sababu upumuaji wa seli hutoa joto. Lakini angalia: maharage yaliyochemshwa yakianza kuoza, bakteria nao wanapumua, na joto litapanda upande usiotarajiwa. Dawa yake ni kuyaosha maharage ya pande zote mbili kwa dakika 5 katika sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu kumi za maji, kisha kuyasuuza vizuri.

Baada ya mbegu ije hamira, maana hapo ndipo mtoto anajifunza kwamba hata sifa inayopimika inaweza kumdanganya. Tafuta chupa nne za nusu lita na mapulizo manne. Kila pulizo lipulizwe kwanza kwa mdomo mara mbili tatu, kwani pulizo jipya ni gumu na gesi kidogo hailiinui. Chupa ya kwanza itiwe kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, vijiko viwili vya sukari, na mililita 100 za maji ya uvuguvugu, nyuzijoto 35 hadi 40. Ya pili iwe hivyohivyo bila sukari. Ya tatu hamira yake ichemshwe kwanza kwa dakika 5, ipoe, ndipo sukari iongezwe. Ya nne haina hamira kabisa. Tia maji ya ndimu mbili ndani ya chupa hiyo na kijiko kimoja cha magadi ndani ya pulizo, livishe pulizo kwenye mdomo wa chupa, kisha liinue magadi yamwagike.

Ya nne itavimba ya kwanza, ndani ya dakika moja, na darasa litashangilia. Hamira yenye sukari itaanza polepole, na kati ya nusu saa na saa moja pulizo lake litakuwa limesimama. Ile isiyo na sukari hutoa gesi kidogo sana, na iliyochemshwa haitoi kitu. Pitisha gesi ya pulizo la kwanza na la nne kwa mrija katika maji ya chokaa, na yote mawili yatayageuza kuwa meupe. Gesi ni ileile, kabonidayoksaidi. Je, magadi na ndimu vina uhai?

Mwalimu asijibu haraka. Aseme tu: ongezeni kijiko cha sukari katika chupa zote. Magadi hayatashtuka, kwa sababu kemikali zimekwisha kuungana na kazi imekoma. Hamira itaendelea. Kisha achote kijiko kimoja cha povu la hamira atie katika maji mapya ya sukari, na kijiko kimoja cha chupa ya nne atie katika mengine. Ule upande wa hamira utaanza kutoa gesi upya, na ukipewa unga wa ngano badala ya maji matupu ya sukari utaongezeka sana, kwani sasa una chakula cha kujengea seli. Mpika maandazi anayebakiza donge la unga wa jana kuwa chachu ya leo anaitumia sifa hiyo kila alfajiri.

Pulizo lisipovimba, sababu huwa ni maji ya moto mno (yakipita nyuzijoto 55 hamira hufa), hamira iliyokaa wazi miezi mingi, au pulizo linalovuja mdomoni. Lifunge kwa uzi. Maji ya chokaa nayo yana mambo yake. Koroga kijiko kimoja cha chokaa iliyozimwa katika nusu lita ya maji, acha itulie usiku kucha, mimina maji maangavu ya juu na uyafunike, kwa sababu hewa ya chumbani pekee huyaharibu. Baadhi ya unga unaouzwa kwa kupaka kuta ni chaki tu na haufai. Yajaribu kwanza kwa kupuliza pumzi kwa mrija, yakigeuka meupe yapo sawa. Ukipuliza muda mrefu mno weupe hutoweka tena, na mwanafunzi aliyechelewa kutazama ataandika kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wapulize tu, wasivute, na yasiingie machoni.

Kwa shule za pwani tungependa somo litoke nje ya darasa. Hapa Tanga kuna mapango ya Amboni, ambako mawe ya chokaa yananing'inia kutoka darini na mengine yanainuka kutoka chini. Yanakua kweli. Tone la maji lililobeba chokaa iliyoyeyuka hufika pangoni, kabonidayoksaidi yake hutoka, na chokaa hubaki juu ya jiwe kama tabaka jembamba. Ukuaji huo ni wa kuongezewa kwa nje. Baharini, mwendo mfupi tu kutoka hapo, kuna matumbawe, nayo ni chokaa hiyohiyo ya kalsiamu kabonati. Lakini juu ya jiwe la tumbawe kuna ngozi nyembamba ya wanyama wadogo wenye vinywa na minyiri, wanaokamata chakula, wanaojikunja wakiguswa, wanaotaga, na ambao ndani ya tishu zao huishi mwani wa seli moja unaowapa chakula na rangi. Wao ndio wanaolijenga jiwe kwa seli zao. Tumbawe la umbo la mwamba hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, na yale ya matawi huenda upesi zaidi. Maji yalipopata joto kupita kiasi mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe, kwa kuwa yaliupoteza mwani wake, na mengi yakafa. Jiwe lilibaki palepale. Mtoto aliyeelewa tofauti hiyo hatakanyaga tumbawe akidhani ni jiwe, wala hatamwona mvuvi wa baruti kuwa anapasua mawe tu.

Kuhusu kuzaliana tuseme neno moja. Baghala, mzawa wa punda dume na farasi jike, ana kromosomu 63, kati ya 62 za punda na 64 za farasi, na kwa kawaida hazai. Hakuna anayesema hana uhai. Kuzaliana ni sifa ya aina ya viumbe, na ni sifa ya seli zinazogawanyika mwilini. Si sharti la kila mnyama mmoja mmoja.

Virusi ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu zaidi, na hapa mwalimu awaambie wanafunzi kwamba wanasayansi hawajakubaliana. Kirusi hakina seli, hakipumui, hakili, hakikui. Wendell Stanley alikifanya kirusi cha ugonjwa wa tumbaku kuwa fuwele mwaka 1935, kama chumvi, na fuwele hizo bado ziliambukiza majani. Lakini kikiingia ndani ya seli hai huilazimisha itengeneze nakala zake, na nakala hizo hubadilika na kurithishana mabadiliko. Suala hili si la ubaoni tu. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli yao. Kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo kumeza antibayotiki kwa mafua ya virusi ni kazi bure, tena ni kuwafundisha bakteria wengine mwilini usugu. Mkulima wa mihogo naye hana dawa ya kunyunyizia batobato, ugonjwa unaoletwa na virusi, ikaondoka kwenye shina lililokwisha ambukizwa. Kinachofaa ni kung'oa mche unaougua mapema, kupanda pingili safi, na kuchagua aina zinazostahimili.

Ombi letu kwa watunga mitihani ni kupunguza maswali ya "taja sifa saba". Mpeni mtahiniwa jedwali lenye mapulizo manne na matokeo yake, aseme chupa ipi ina kiumbe hai na afanye nini zaidi ili awe na hakika. Au mwelezeni mifuko miwili ya nafaka kavu, mmoja wa mpunga na mmoja wa mchele, apange jaribio la siku tano, aseme atatumia punje ngapi, atalinganisha na nini, na jambo gani linaweza kumpotosha. Maswali ya namna hiyo hayadai maabara, na gharama yake ni bei ya hamira, sukari, mapulizo na ndimu mbili.

Walimu wa biolojia,
Tanga