Menyu za tapas zieleze kilichomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wenye migahawa ya kifahari jijini Dar es Salaam.

Hivi karibuni tulialikwa Masaki kula tapas, yaani vile visahani vidogo vya Kihispania ambavyo huagizwa vingi na kuliwa kwa pamoja. Pweza aliyepikwa kwa mtindo wa Galicia, jimbo la Hispania, aliyechemshwa hadi akalainika, akakatwa vipande na kunyunyiziwa mafuta ya zeituni, chumvi na paprika (unga wa pilipili nyekundu), alinifurahisha mno, nami nilikula pweza tangu utotoni.

Tatizo lilikuja na croquetas, vidonge vya unga na maziwa vilivyokaangwa, ambavyo menyu ilivitaja kwa jina tu. Mhudumu alipoulizwa alisema ni vya jibini, lakini shemeji yangu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa ameshauma kimoja tulipoona ndani yake vipande vyekundu vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Aliinuka mezani kimya, na hamu ya kula ikatuishia sote.

Nguruwe yumo pia katika soseji za chorizo, na divai hutiwa katika michuzi kadhaa ya Kihispania. Katika jiji lenye Waislamu wengi kama letu, kumficha mlaji jambo hilo, hata kwa uzembe tu, ni kumvunjia heshima. Nawaomba waandike kwa Kiswahili, chini ya kila jina, kilichomo, na mhudumu asiyejua jibu aende kwanza jikoni kuuliza.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam