Kimea, hopsi na hamira

Marangu, Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za Tanga? Huku sote wazima, ila baridi imeanza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wageni hapo hotelini wanakuuliza juu ya bia, laga ni nini, stauti ni nini, nawe unababaika. Usibabaike, dada. Karibu yote hayo umeyaona jikoni kwetu, hukutajiwa majina tu.

Unaikumbuka togwa? Uji mzito ukishapoa kiasi, mama anatia kiganja cha unga wa kimea cha ulezi, anakoroga. Punde tu uji uliokuwa umeng'ang'ania mwiko unalegea, na ukiuonja ni mtamu bila sukari. Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikaota, kisha ikakaushwa mapema. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kiwanda cha bia kinafanya vivyo hivyo kwa shayiri, katika maji ya nyuzijoto kama 65. Siku moja mimi nilitia kimea uji ukiwa bado unatokota. Ukabaki mzito vilevile, na mama akasema, "Umekiua." Ndivyo ilivyo hasa, moto mkali huviua vimeng'enya, ndiyo maana mpika bia habanduki kwenye kipimajoto.

Maji hayo matamu yanachujwa (machicha wanapewa ng'ombe, kama kwetu), halafu yanachemshwa pamoja na hopsi. Hayo ni maua ya mmea unaotambaa. Yanatia uchungu na harufu, na yanasaidia bia isiharibike upesi. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, uchungu tunaupata kwa gome la mti wa msesewe. Maji yale yakishapoa inatiwa hamira. Hamira inakula sukari, inatoa alkoholi na gesi, na hapo ndipo tunasema pombe inachacha. Ukitega sikio kwenye pipa letu la ndizi usiku, unasikia vipovu vinapasuka kimoja kimoja.

Sasa laga. Hamira yake inafanya kazi kwenye ubaridi, nyuzi 8 hadi 14 hivi, na mwisho hutuama chini ya tangi. Kisha bia inawekwa baridini wiki kadhaa ndipo itoke safi. Jina lenyewe ni la Kijerumani, lina maana ya ghala. Eli, aina nyingine ya bia, huchacha kwenye joto zaidi, hamira ikielea juu, na mara nyingi ina harufu ya matunda. Stauti ni ya ukoo wa eli, sehemu ya shayiri yake imekaangwa hadi ikawa nyeusi kama kahawa.

Hapo nakuomba sana, usimwambie mgeni kwamba nyeusi ndiyo kali. Weusi unatokana na kukaanga. Ukali usome kwenye asilimia: chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu. Anayeendesha gari anastahili kuambiwa hivyo. Mbege haina kibandiko, na inaendelea kuchacha, kwa hiyo ya jana na ya leo hazilingani hata zikitoka pipa moja.

Nimekufungia kimea cha ulezi, kitakuja na basi la Jumatano. Pika uji, uache mvuke upungue, ndipo utie. Uniandikie umelegea baada ya muda gani.

Mama yako mpe shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Anna