Barua ya wazi kwa walimu wetu mliopangiwa watoto wa Kimeksiko, Chicago

Wanangu,

Nasikia baadhi yenu mmefika juzi tu, na mmepewa madarasa Pilsen na Little Village. Mitaa hiyo nilishika chaki miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilipoanza nilikosea mambo ambayo mtu aliyelelewa Tanga hakutakiwa kuyakosea, ndiyo maana nawaandikia.

Nilianza kukosea kwenye majina. Daftarini mtoto ameandikwa majina mawili ya ukoo, tuseme Hernández García. Mimi nikashika la mwisho, maana ndivyo tulivyozoea, kumbe la baba ndilo linalotangulia na la mama linafuata. Muhula mzima karatasi zangu hazikuoana na za ofisini. Halafu nikamwita mama wa mtoto Bi. Hernández, na kwao mwanamke habadilishi jina kwa kuolewa. Alinivumilia tu.

Lililonitia aibu zaidi ni la macho. Nilimsimamisha kijana aliyemchokoza mwenzake, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshafundwa huku kwamba mtoto asiyekutazama ana jambo analificha, nikamfokea: "Nitazame ninaposema nawe!" Jamani! Mimi mwenyewe ningemkodolea macho mwalimu wangu, leo nisingekuwa na masikio. Mtoto alikuwa ananistahi, nami namfundisha ujuvi.

Wasikilizeni wanavyoitika. Mtoto aliyelelewa vizuri, bibi yake akimwita, hasemi "nini?" Anasema *mande*, yaani niamuru. Ni abee yetu, ni labeka. Na wakiwaita *maestra* au *maestro* bila kutaja jina, walimu wenzenu wa hapa wataona ni utovu wa heshima. Ninyi mnajua uzito wa kuitwa Mwalimu.

Mzazi akitaka kujua kama mwanawe ni *bien educado*, usikimbilie alama za hesabu. Anauliza adabu. Mjibu hilo kwanza, alama zitafuata. Na kabla ya hilo, salamu: habari za nyumbani, bibi anaendeleaje. Nimewaona baadhi yenu mmeshaambukizwa haraka za huku, mzazi hajakaa sawasawa mmeshamfungulia faili. Akinyamaza mbele yenu msidhani hajali. Wengi huona darasa ni himaya ya mwalimu, na kuliingilia ni kukosa heshima.

Sasa chakula. Nilipeleka sembe darasani nikijiona nawapa kitu kigeni, na bibi wa mwanafunzi mmoja akaunusa unga, akauliza chokaa iko wapi. Kwao mahindi huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa, yakaoshwa maganda, ndipo yakasagwa kuwa unga wa *tortilla*, chapati zao za mahindi. Chokaa hiyo huifungua niasini, aina ya vitamini, iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yaliposafiri duniani bila ufundi huo, watu waliotegemea mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Na mmea wenyewe ni wa kwao, walianza kuulima yapata miaka 9,000 iliyopita. Waambieni watoto kwamba ugali wetu umetokana na mbegu ya mababu zao, mtaona wanavyokaa wima.

Watawauliza pia kama Meksiko kuna watu weusi. Wapo, hasa Costa Chica, pwani ya majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Sensa ya 2020 ilipata zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Jimbo la Guerrero lina jina la Vicente Guerrero, rais mwenye asili hiyo, aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829. Nilishangaa ni wangapi darasani kwangu hawakuwahi kusikia hilo.

Wala msidhani kila mmoja nyumbani kwao wanasema Kihispania. Wengine ni Kimixteki, wengine Kinahuatl, lugha za wenyeji wa asili wa Meksiko. Mtoto wa Kisambaa aliyekikuta Kiswahili shuleni anaielewa safari hiyo.

Kalenda nitaipitia upesi. Uhuru wao ni tarehe 16 Septemba. Tarehe 5 Mei ni ya vita vya Puebla vya 1862, msichanganye. Tarehe 10 Mei ni siku ya mama, msipange mtihani. Tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Bikira wa Guadalupe, wengine watakuja na usingizi kwa kuwa wamekesha kwenye hija Des Plaines, mji ulio jirani na Chicago. Waacheni.

Mwenzenu mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama meza ile ya Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, yenye picha za marehemu, maua ya manjano na mkate, si ushirikina. Mimi Mwislamu, mshumaa sikuwasha, na hakuna aliyenitaka niwashe. Ila binti mmoja aliponionyesha picha ya babu yake nilimuuliza babu alipenda kula nini. Akaanzia kwenye pilipili, akafika kwenye farasi aliyekuwa akimwuma kila mtu isipokuwa babu, na kengele ilipolia alikuwa bado hajamaliza.

Mwalimu wenu mstaafu