Msafara wa Kusini Usiuzwe kwa Idadi ya Nchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mada ya misafara ya kuangalia wanyamapori kusini mwa Afrika, ambayo siku hizi inatangazwa sana kwa wateja wa hapa kwetu, wakiwamo wastaafu, maharusi na vikundi vya watumishi wanaochangishana fedha mwaka mzima. Nimefanya kazi ya kuongoza watalii katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, na huko kusini nimekwenda kama mgeni wa kulipa, hivyo nazungumza kama mtu aliyekaa kiti cha mbele na cha nyuma.

Matangazo mengi hujisifu kwa hesabu ya nchi: Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe kwa siku kumi. Anayeona tangazo hilo hudhani amepata nafuu, kumbe sehemu kubwa ya fedha zake inakwenda kwenye mafuta ya gari. Nchini Botswana, kutoka Maun, mji ulio mlangoni mwa Delta ya Okavango, hadi Kasane, mji wa mpakani ulio kando ya Hifadhi ya Chobe, ukipitia Nata, ni takribani kilomita 600, na nchini Namibia kutoka Windhoek hadi kambi ya Okaukuejo katika Hifadhi ya Etosha ni zaidi ya kilomita 400. Mtu anayeunganisha maeneo hayo na Hifadhi ya Kruger ya Afrika Kusini kwa siku chache atawaona punda wa barabarani wa Botswana zaidi kuliko atakavyowaona simba. Hapo sijataja foleni za mipakani, wala vizuizi vya mifugo ambako abiria hushushwa wakanyage dawa kwa soli za viatu, gari likapitishwa kwenye dimbwi la dawa hiyo hiyo, na nyama mbichi iliyohifadhiwa kwa ajili ya chakula cha jioni ikachukuliwa na mkaguzi. Utaratibu huo una sababu yake, kwa kuwa Botswana na Namibia huuza nyama ya ng'ombe Ulaya na zinajikinga dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, ingawa uzio uliojengwa kwa ajili hiyo hiyo umewaumiza wanyamapori kwa miaka mingi. Uzio mmoja uliowekwa mwaka 1968 kati ya Okavango na nyanda za Makgadikgadi ulikata njia ya pundamilia, na ulipoondolewa mwaka 2004 pundamilia wakaanza tena kuhama katika njia ile, jambo ambalo hadi leo wataalamu wanalizungumzia kwa mshangao.

Jambo la kwanza ambalo wakala anapaswa kumweleza mteja ni mwezi, maana huko kusini maji ndiyo yanayopanga kila kitu. Mvua zinazoijaza Delta ya Okavango hunyesha katika nyanda za juu za Angola, kisha maji husafiri polepole kwa miezi kadhaa, hata yanapofika karibu na Maun mwezi Juni au Julai nchi yote inayoizunguka delta huwa imekauka na wanyama hukusanyika pale. Mtu anayekwenda Januari kwa matumaini ya kupanda mokoro, yaani mtumbwi unaosukumwa kwa upondo, na kuelea juu ya maji mengi kama alivyoona kwenye picha, anaweza kukuta mfereji mwembamba wenye matope. Etosha vivyo hivyo: wakati wa kiangazi tembo, choroa na pundamilia hupanga foleni kwenye madimbwi, lakini mvua zikianza hutawanyika, kwa kuwa kila bonde lina maji. Hwange, nchini Zimbabwe, haina mito ya kudumu, na madimbwi yake mengi hutegemea pampu za visima. Ukisimama hapo mwezi Oktoba utaona tembo wakisukumana kuwania mdomo wa bomba.

Hata hivyo, Oktoba hiyo hiyo inayowapendeza wapenda wanyama ndiyo inayomwangusha anayetaka Maporomoko ya Victoria, kwa sababu upande wa Zambia ukuta mrefu wa mwamba hubaki mkavu, ilhali mwezi Aprili maji huwa mengi kiasi kwamba ukungu huyaficha maporomoko yenyewe. Hakuna mwezi unaotoa yote mawili kwa ukamilifu, na wakala anayeahidi hivyo ama hajafika huko au anajua anachokificha.

Jambo la pili ni mwongozaji, na hapa naomba nivumiliwe nikirefusha maneno kidogo kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika misafara ya magari makubwa inayovuka mipaka, mtu mnayesafiri naye tangu siku ya kwanza ni msimamizi: anaendesha, anapika, anajua mipaka na kambi, lakini kwa kawaida si yeye anayewaingiza hifadhini. Mkifika Kasane mnahamia gari la wazi la wenyeji ili kuingia Chobe, na mkifika Okavango mnakabidhiwa kwa wasukuma mitumbwi wa vijiji vya pale. Kwa hiyo ubora wa msafara unategemea watu ambao hawatajwi kabisa katika tangazo.

Tofauti hiyo huonekana zaidi mkishuka garini. Nchini Zimbabwe mtu haruhusiwi kuongoza wageni kwa miguu mpaka afaulu mitihani ya kuandika, afanye uanagenzi chini ya mwongozaji mwenye leseni, athibitishe uwezo wake wa kutumia bunduki, na mwisho apimwe na watahini porini, safari inayochukua miaka. Nchini Zambia, katika Hifadhi ya South Luangwa, ambako mhifadhi Norman Carr na Chifu Nsefu, kiongozi wa jadi wa eneo hilo, walifungua kambi ya wageni mwaka 1950 ili mapato yake yawafikie wenyeji, matembezi hufanyika kwa mstari mmoja, askari mwenye bunduki akitangulia na mwongozaji akimfuata. Nilimwona mwongozaji mmoja akitikisa kifuko cha kitambaa chenye majivu ili ajue upepo unakoelekea. Majivu yalipopeperukia kwenye kichaka walimokuwa nyati, aliturudisha nyuma bila majadiliano, tukazunguka kwa karibu saa nzima. Mgeni mwenzetu alinung'unika kwamba amelipia kuona nyati. Yule mwongozaji alimsikiliza kwa adabu na hakubadili njia, na kwa maoni yangu pale ndipo fedha zetu zilipotumika vizuri kuliko siku nyingine yoyote.

Haraka pia hupoteza mengi. Kambi ya Okaukuejo ina dimbwi linalomulikwa taa usiku, ambako kifaru mweusi huja kunywa maji baada ya wageni kumaliza chakula cha jioni. Misafara ya bei ya chini hulala nje ya lango, na malango hufungwa jua linapozama, basi mteja huambiwa vifaru ni adimu na yeye anakubali.

Mwenye wiki moja tu ningemshauri abaki kwenye kona ya Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na Maporomoko ya Victoria, Kasane na Hwange. Tangu daraja la Kazungula lenye urefu wa mita 923 lifunguliwe mwaka 2021, kuvuka Zambezi kati ya Zambia na Botswana hakutegemei tena pantoni, na muda unaookolewa unaweza kutumiwa mtoni Chobe alasiri, tembo wanapoteremka kunywa maji. Vilevile, Mtanzania asiache kuonyesha pasipoti yake langoni, kwa kuwa Kruger na Etosha zina viwango vya ada vya raia wa nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ambayo Tanzania ni mwanachama, vilivyo chini ya vile vya wageni wengine. Ni mawakala wachache wanaomtajia mteja nafuu hiyo, na wengine humtoza ada kamili ya mgeni.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba kurasa zenu za utalii zimtake kila anayetangaza msafara wa kusini ataje mwezi wa safari, idadi ya usiku ndani ya kila hifadhi badala ya idadi ya nchi, leseni ya anayeongoza wageni hifadhini, na kiwango cha ada ya lango kilichotumika katika bei. Tangazo lisilotaja mambo hayo lirudishwe kwa aliyelileta.

Msomaji wenu,
Arusha