Dama, hata mshahara ukiingia

Kisauni, Mombasa

Dama dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako niliipata, na salamu za mwanao Imani pia. Nimefurahi kusikia kwamba meno ya mbele yameota na sasa anajua kupiga mluzi. Sisi huku hatujambo. Joto la kaskazi linaelekea kuisha, lakini mchana dukani bado ni jasho tupu, na stima ikipotea tunashona milango wazi huku tukijipepea kwa vipande vya boksi. Mama anakusalimu sana. Presha yake imetulia, anatembea mpaka kanisani mwenyewe.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza, maana nimekaa nalo tangu Jumapili. Umesema tangu uajiriwe huko Nairobi sala zako zimefupika. Zamani tukiuza viazi karai pale sokoni Kongowea ulikuwa huwashi jiko kabla hujaomba, kwa sababu ulijua mvua ikishuka jioni viazi vyote vitabaki mikononi mwetu, na kesho hakuna pesa ya gunia. Siku hizi mwisho wa mwezi simu inalia, mshahara umeingia, kodi inalipwa, karo inalipwa, na unajikuta umemaliza wiki nzima hujamwomba Mungu kitu zaidi ya kubariki chakula. Ukaniuliza kama umepoa.

Aliyepoa kweli hata hashtuki, Dama. Wewe umeshtuka, na nashukuru kwa hilo.

Kwanza, uutoe mshahara wenyewe kwenye kesi. Wako ndugu kanisani wanaozungumza kana kwamba imani ya kibarua ni takatifu kuliko imani ya mwajiriwa, na mimi sikubaliani nao. Tunapenda sana kusoma habari za mana, Kutoka 16: kila asubuhi waokote, pishi moja kwa kila kichwa, na kilichowekwa mpaka kesho kikaingia mabuu. Tunaipenda kwa sababu ndiyo yalikuwa maisha yetu pale Kongowea. Lakini fungua Yoshua 5. Wamevuka Yordani, wako Gilgali, wamefanya Pasaka, wakala mazao ya nchi, na siku ya pili yake mana ikakoma. Baada ya miaka 40! Hakuna aliyekemewa kwa kula nafaka ya Kanaani. Wala Mungu hakuwaambia kwamba tangu leo mjitegemee. Yule yule aliyewalisha kwa mana sasa aliwalisha kwa mvua, kwa udongo na kwa jembe. Wewe sasa anakulisha kupitia ofisi na benki.

Tofauti iko hapa: mana waliiona imetandaa chini wala hawakuilima, lakini ukivuna mahindi, kitu cha kwanza unachokiona ni mkono wako mwenyewe. Musa alilijua hilo kabla hawajavuka. Kumbukumbu la Torati 8 yote inaonya juu ya shibe: mtakapokula na kushiba, mkajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, angalieni msije mkasema moyoni, nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu. Jangwani walifundishwa kumtegemea Mungu kwa njaa. Kanaani walitakiwa wamtegemee wakiwa wameshiba, na mimi naamini darasa hili la pili ni gumu kuliko la kwanza. Ndilo uliloingia wewe.

Ukipata nafasi usome habari za Asa mfalme wa Yuda, 2 Mambo ya Nyakati 14 mpaka 16. Usome polepole. Asa alianza vizuri mno. Zera Mkushi alipomjia na jeshi la watu elfu elfu na magari 300, Asa alimlilia Bwana, akasema twakutegemea wewe, na Bwana akawapiga Wakushi. Kisha ikaja amani ya miaka mingi. Katika mwaka wa 36 wa kumiliki kwake, Baasha mfalme wa Israeli akaja kujenga Rama ili kufunga njia ya kuingia na kutoka Yuda. Ukipima, Baasha hakuwa hata robo ya Zera. Asa sasa ni mzee wa kazi, anajua siasa, ana hazina. Akatoa fedha na dhahabu katika nyumba ya Bwana, akamtumia Ben-hadadi mfalme wa Shamu ili amgeuke Baasha.

Na mpango ukafaulu. Hapo ndipo mimi husimama kila nikisoma. Ben-hadadi alikubali, akaishambulia miji ya Israeli, Baasha akaiacha Rama, na watu wa Yuda wakabeba mawe na miti yake wakajengea Geba na Mispa. Ungekuwa kwenye baraza la Asa siku ile ungempigia makofi. Hakuna kilichoharibika, isipokuwa kwamba hakumwuliza Mungu. Hanani mwonaji alipokuja kumwambia hivyo, akimkumbusha kwamba macho ya Bwana hukimbia-kimbia duniani mwote kuwatafuta wenye moyo kamili kwake, Asa alighadhibika akamtia gerezani. Mtu aliyewahi kulia mbele za Mungu mbele ya jeshi zima sasa hawezi kuambiwa neno. Mwaka wa 39 akaugua miguu, ugonjwa ukazidi sana, na hata hapo hakumtafuta Bwana, aliwatafuta matabibu tu. Akafa mwaka wa 41.

(Wako wanaolichukua jambo hilo la miguu ya Asa wakawakataza wagonjwa kwenda kliniki. Linanikera. Mama kila asubuhi anaweka kidonge cha presha kiganjani, anakitazama, anasema, "Bwana, kibariki," ndipo anakunywa maji. Kosa la Asa lilikuwa kuwatafuta matabibu na kumwacha Mungu nje ya mlango.)

Kwa hiyo, dada, usingoje mambo yaharibike ndipo ujue kama umeacha kumtegemea Mungu. Yanaweza yasiharibike. Unaweza kupandishwa cheo, ukanunua kiwanja Mtwapa, watoto wakafaulu, na ndani ukawa unakauka. Ndiyo maana nimefurahi umeuliza sasa, wakati kila kitu kinakwenda sawa.

Utasema, basi nifanye nini, nipige magoti kila saa ofisini? Nikueleze ninavyofanya mimi dukani. Nikishatandaza kitambaa cha mteja mezani, nikakikunja, nikapitisha chaki kifuani, kiunoni na kwenye pindo, kabla sijashika mkasi naweka kiganja juu ya kitambaa na kusema, "Bwana, uongoze mkono wangu." Basi, wala mteja hajui. Gauni la harusi lenye shanga na mkia mrefu, hata asiyesali atasali, kwa sababu kitambaa ni ghali na bibi harusi ana wasiwasi. Lakini kaptura ya shule, ile ya kaki ninayoikata huku nikipiga soga, ndiyo ninayoiombea kwa makusudi. Pale mkono umezoea, na pale ndipo moyo husema haya nayaweza mwenyewe.

Na sala hiyo fupi inafanya kazi kuliko unavyodhani. Ukishasema uongoze mkono wangu, utashindwa kumficha mwenye kitambaa nusu mita iliyobaki. Unajua mafundi tulivyo na mabaki. Wengi wanayashonea foronya na vinguo vya watoto kisha wanauza. Mimi nayakunja nayarudisha ndani ya mfuko pamoja na nguo. Kama kweli naamini Mungu ndiye anayenilisha, sina haja ya kujilisha kwa nusu mita ya mtu. Huko ofisini kwako najua pia kuna nusu mita zake: risiti iliyoongezwa kidogo, nauli ya safari ambayo hukwenda, kazi ya mwenzako kuandikwa jina lako. Kumtegemea Mungu huonekana hapo kuliko kwenye mkesha.

Nehemia ndiye mwalimu wangu katika sala fupi. Amesimama mbele ya Artashasta na divai mkononi, mfalme anamwuliza una haja gani, na Biblia inasema akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu! Hakufumba macho wala hakuomba ruhusa ya kutoka. Ila usisahau kwamba alikuwa amelia na kufunga tangu mwezi wa Kisleu, na sasa ni Nisani. Ile sala ya pumzi moja ilisimama juu ya miezi ya kuomba. Kwa hiyo alfajiri yako usiiache, hata ikiwa dakika chache kabla Imani hajaamka. Na alipopewa nafasi hakusema Mungu atajua mwenyewe. Aliomba barua za kupita kwa maliwali, na nyingine kwa Asafu mlinzi wa msitu apewe miti. Alikuwa amepiga hesabu yake yote. Kwa hiyo anayekuambia kumtegemea Mungu ni kukaa tu, usimsikilize.

Lipo lingine, na hili nalisema kama mjukuu wa Rabai. Nyanya alikuwa akitupeleka pale penye makumbusho, akituonyesha kanisa. Unajua Krapf, mmisionari aliyeanzisha misheni ile ya Rabai, alifika Mombasa 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosina na mtoto wao mchanga wakafariki. Kaburi liko huku kwetu upande wa Nyali. Rebmann, mmisionari mwenzake, akamfuata 1846. Wengi wanamtaja Rebmann kwa ile theluji ya Kilimanjaro aliyoiona 1848. Mimi ninayemheshimu ni Rebmann wa miaka iliyofuata, ambayo hakuna anayeisimulia. Krapf afya ilimwondoa, Rebmann akabaki mpaka 1875 bila kurudi Ulaya. Ni homa, kuandika maneno ya lugha zetu moja moja, na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Mkewe Emma naye alifia huku. Mwishoni macho yakapofuka, akaondoka akiongozwa mkono na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, na mwaka uliofuata akafa.

Nikimfikiria yule mzee sioni miujiza. Naona Jumanne moja baada ya nyingine. Ameamka, ameomba, ameandika maneno machache, hakuna aliyeokoka, amelala. Kumtegemea Mungu siku ya jeshi la Zera kuna msisimko wake. Kumtegemea Jumanne kama ile kwahitaji neema, tena mpya kila asubuhi. Sitaki kukudanganya kwamba ukifanya hivi kila kitu kitanyooka. Rosina alimtumaini Mungu, akazikwa akiwa hajamaliza hata mwaka Mombasa. Sina maelezo ya hilo, na sipendi mahubiri yanayojifanya yanayo. Ninachokijua ni kwamba Yesu alisema pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lolote, na hakubagua siku za msiba na siku za mshahara.

Ukitaka pa kuanzia, anza na ile siku simu inapolia. Kabla hujatuma kodi, kabla hujamtumia Mama pesa ya sukari na unga, shika ile simu umshukuru Mungu kwa kutaja vitu kwa majina: nyumba, Imani, miguu ya kukufikisha kazini. Kisha umtajie fungu la kumi, na yule dada wa jirani uliyesema amefukuzwa kazi. Mwulize pia nani mwingine yumo ndani ya hizo pesa. Nakuhakikishia sala haitakuwa fupi tena. Na ukiwa kwenye matatu asubuhi, badala ya kuitazama simu njia nzima, mpe Mungu ile siku: mkutano wa saa nne, ripoti, na yule mkubwa wako mpya mwenye ukali.

Kuhusu huyo, niandikie jina lake la kwanza tu, akina mama wa kanisa tunakutana Alhamisi na ningependa tumtaje. Na unipimie Imani: kifua, kiuno, mabega, na urefu kutoka begani mpaka chini ya goti, maana kwa ule mwendo wake vipimo vya Krismasi havitamfaa tena. Kitambaa cha Pasaka nimeshakinunua, cha samawati na maua meupe, na kinatosha. Wekeni nafasi kwenye basi mje mapema mkae wiki nzima. Mama ameniambia nikukumbushe kwamba mbaazi za nazi za Nairobi si mbaazi.

Wako katika Bwana,
Kadzo