Kaka wa boda wa Mikindani, asante

Jamani nina deni la shukrani kwa kaka mmoja wa bodaboda, jina sikumuuliza. Juzi jioni Mikindani tulimkuta mbwa kagongwa, mguu wa nyuma unaning'inia, na sisi wa kujitolea kusaidia wanyama tulikuwa wawili tu, hela ya bajaji hatuna. Kaka kasimama mwenyewe, kavua koti kamfunika, akamfunga mdomo na kitambaa maana mbwa mwenye maumivu anauma hata anayempenda, kaomba boksi dukani, mimi nikalipakata nyuma mpaka Mtwara mjini kwa daktari wa mifugo, kama kilomita 10 hivi, na kila tuta anapunguza anauliza "anapumua?" Nauli kakataa, kasema nunueni dawa. Koti tumelifua kaka, njoo ulichukue. Na wenye maboksi na mashuka ya zamani, tuleteeni.