Oxford: Kalenda kwanza, bei ya chumba baadaye

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mahafali unapokaribia, wazazi na jamaa za wanafunzi walioko Oxford, Uingereza, huanza kutafuta hoteli, na wengi huanzia pasipofaa. Hufungua tovuti, hupanga vyumba kuanzia bei ya chini, huchukua cha kwanza chenye picha nzuri na kulipa. Kwingineko mtu anaweza kufanya hivyo asijute. Oxford ni mji mdogo wenye vyumba vichache, na bei zake hufuata kalenda ya Chuo Kikuu. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenye kipato cha kati, wale wasiotaka bweni la vitanda vya ghorofa na wasio na fedha za hoteli ya kifahari, namna ya kupanga safari hiyo bila kuumia.

Mwaka wa masomo una mihula mitatu: Michaelmas unaoanza Oktoba, Hilary unaoanza Januari na Trinity unaoanza Aprili. Kila mmoja una wiki 8, kuanzia Jumapili ya wiki ya kwanza hadi Jumamosi ya wiki ya nane. Vyumba hupotea mwanzoni mwa Oktoba wazazi wanapowaleta wanafunzi wapya, na Jumamosi za mahafali. Hupotea pia usiku wa kuamkia Mei 1, kwa sababu saa 12 asubuhi kwaya huimba juu ya mnara wa Magdalen, mojawapo ya koleji (vyuo vidogo vinavyounda Chuo Kikuu), na umati hujaa kwenye daraja lililo karibu. Wiki ya tano ya Trinity, kuanzia Jumatano hadi Jumamosi, kuna mashindano ya makasia mtoni. Mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai kuna siku za wazi za wanaotaka kujiunga na chuo, na nyingine huja Septemba. Tena mji una chuo kikuu cha pili, Oxford Brookes, chenye mahafali yake na kalenda yake. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe azikwepe siku hizo na aweke usiku wa Jumapili ndani ya safari yake, kwani mara nyingi ndio wa bei ya chini kuliko yote.

Wa mahafali hana uhuru huo, na hapa ndipo fedha hupotea zaidi. Hafla za Chuo Kikuu cha Oxford hufanyika katika ukumbi wa Sheldonian, uliosanifiwa na mbunifu wa majengo Christopher Wren na kukamilika mwaka 1669. Ukumbi si mkubwa. Kila koleji hupewa nafasi za idadi maalumu kwa kila hafla, mwanafunzi huomba nafasi, na tiketi za wageni huwa chache. Kwa hiyo usilipie chumba kisichorudishwa fedha kwa kusikia tu kwamba mtoto “atamaliza Julai”. Subiri athibitishiwe tarehe kwa maandishi, umuulize ana tiketi ngapi za wageni, ndipo uhesabu vyumba. Ukoo wa watu sita wenye tiketi za watu wawili utawaacha wanne mtaani, nao wamelipiwa vyumba vya Jumamosi ya bei ya juu kuliko zote.

Jambo la pili ni viza. Anayehitaji viza ya mgeni ya Uingereza haruhusiwi kuomba zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya wiki 3 tangu aonekane kwenye kituo cha maombi ya viza na kutoa alama za vidole. Lakini hoteli nzuri za bei ya kati kwa siku za mahafali huanza kujaa kabla ya hiyo miezi 3 kufika. Dawa ni kuweka nafasi mapema kwa masharti ya kughairi bure, hata kama kila usiku unazidi kwa pauni kadhaa. Soma sharti lenyewe, usiishie kwenye neno “bure”. Hoteli nyingine hukuruhusu kughairi mpaka siku moja kabla, nyingine hufunga mlango wiki nzima mapema. Viza ikishatoka, tazama tena bei. Ukikuta hoteli ile ile inauza kwa nafuu, weka nafasi mpya kwanza, kisha ghairi ya zamani. Usifanye kinyume chake, maana chumba ulichokiachia kinaweza kuchukuliwa na mwingine wakati bado unaandika namba ya kadi.

Sasa mahali. Katikati ya mji ni njia panda ya Carfax, na stesheni ya treni iko magharibi yake, mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu. Hoteli nyingi hubeba jina la Oxford huku zikiwa kwenye mzunguko wa barabara kuu nje ya mji, au hata mji mwingine kabisa. Tazama msimbo wa posta kabla ya picha. OX1 ni katikati, ingawa huenea hadi vijiji vya kusini, kwa hiyo peke yake haitoshi. OX2 ni kaskazini na magharibi: ndani yake mna Jericho, unakotembea hadi katikati bila taabu, na Summertown, ambako utataka basi. OX3 ni Headington, kilomita kama 4 mashariki na juu kilimani. OX4 ni Cowley na Iffley. Ukiona OX5 upo Kidlington, na OX14 ni Abingdon, mji unaojitegemea. Ukishaujua msimbo, pima kwenye ramani umbali wa kutembea hadi Carfax.

Hesabu ya umbali watu huikosea. Tuseme chumba cha katikati ni pauni 150 na cha pembeni ni pauni 120. Tangu Januari 2025 nauli ya basi kwa safari moja nje ya London imewekewa kikomo cha pauni 3. Watu wawili kwenda na kurudi mara moja ni pauni 12. Wakirudi hotelini mchana kubadili nguo, kisha waende chakula cha jioni, ni pauni 24. Ongeza teksi moja ya usiku, tofauti imekwisha na miguu imechoka. Tiketi ya siku nzima hupunguza makali, lakini haiurudishi muda wa kusubiri kituoni. Maoni yangu: kwa usiku mmoja au miwili lipia katikati. Kwa siku nne na zaidi, nyumba za wageni za Iffley Road, Abingdon Road au Banbury Road ndizo zenye thamani ya fedha, na wenyeji wake mara nyingi hujua koleji ya mtoto wako iko mlango upi.

Gari la kukodi usilifikirie. Hoteli za katikati kwa kawaida hazina maegesho, baadhi ya mitaa hutoza magari yanayotoa moshi tangu Februari 2022, na tangu Oktoba 2025 kuna barabara zinazotoza pauni 5 kwa siku kwa gari lisilo na kibali. Aliyekwisha kuwa na gari aliache kwenye mojawapo ya vituo vitano vya kuegesha na kupanda basi: Pear Tree, Oxford Parkway, Thornhill, Redbridge au Seacourt.

Tuingie chumbani. Majengo mengi ya katikati yanalindwa na sheria kwa ukongwe wake, na mwenyewe hawezi kuyabomoa-bomoa atakavyo. Ndiyo maana utakuta hoteli ya heshima isiyo na lifti, ngazi nyembamba zinazopinda, madirisha ya kusukuma juu yenye kioo kimoja, na hakuna kiyoyozi hata joto la Julai likipanda. Vyumba viwili vya bei moja vinaweza kutofautiana kama mchana na usiku, kimoja kikitazama bustani, kingine kikiwa chini ya paa. Mwenye magoti mabovu aombe ghorofa ya chini kwa maandishi, asingoje kufika. Tena aulize habari za bafu. Vyumba vingi vina beseni refu la kuogea lenye shawa juu yake, na kuuvuka ukingo wake wenye utelezi ndiko wazee wanakoanguka. Omba shawa ya kuingia moja kwa moja. Soketi ya kawaida ya umeme bafuni hutaikuta, ila ile ndogo ya mashine ya kunyolea, hivyo kikausha nywele na pasi hutumika chumbani.

Vitanda navyo vina vipimo vyake. Kinachoandikwa “double” ni kitanda kimoja cha sentimita 135, chembamba kwa watu wazima wawili wenye miili. “King” ni sentimita 150. “Twin” ni vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, aghalabu vya sentimita 90. Mama na binti, au ndugu wawili, waombe “twin” tangu mwanzo, kwa sababu Jumamosi ya mahafali hakuna chumba cha kubadilishia. “Family room” mara nyingi ni kitanda cha wawili pamoja na kochi linalokunjuliwa. Kwa mtoto wa miaka 8 linafaa, kwa kijana wa miaka 17 halifai.

Kelele wengi huihofia ya kengele. Kweli, Great Tom, kengele ya koleji ya Christ Church, hugonga mara 101 kila usiku saa 3 na dakika 5, kwa idadi ya wanafunzi 100 wa awali wa koleji hiyo na mmoja aliyeongezwa baadaye, na huchelewa dakika 5 kwa sababu hufuata saa ya zamani ya Oxford, iliyo nyuma ya ile ya Greenwich inayofuatwa Uingereza nzima. Hiyo huisha kabla hujalala. Inayokesha ni ya vilabu vya George Street Ijumaa na Jumamosi, na magari yanayokusanya chupa tupu alfajiri. Omba chumba cha nyuma.

Kifungua kinywa kisome kwenye bei: kimo au hakimo? Kile cha Kiingereza huwa na soseji na bekoni za nguruwe, na kile kipande cheusi cha mviringo kimetengenezwa kwa damu. Mayai huweza kukaangwa kikaango hicho hicho. Muislamu aombe mayai ya kuchemsha, maharage, uyoga na mkate, au achukue chumba bila chakula. Upande wa Cowley Road kuna mikahawa mingi ya halali, na msikiti upo Manzil Way, kando ya barabara hiyo. Wanaokwenda Juni wakumbuke kwamba magharibi huingia baada ya saa 3 usiku, na alfajiri huja mapema mno.

Kuna njia moja ambayo wasomaji wengi hawaijui. Wanafunzi wakiwa likizo, hasa Julai hadi Septemba na wakati wa Pasaka, koleji nyingi hukodisha vyumba vyao kwa wageni. Keble ni mojawapo, na kifungua kinywa huliwa kwenye ukumbi wao wa chakula wenye meza ndefu. Vyumba vingi ni vya mtu mmoja, vingine hushirikiana bafu, lifti ni nadra na televisheni usiitegemee. Kwa msafiri wa peke yake mwenye miguu mizima, mimi sijui namna bora kuliko hiyo ya kulala katikati ya mji kwa bei ya kati.

Siku ya kufika, anayeshuka Heathrow asiingie London. Kuna basi la moja kwa moja hadi kituo cha Gloucester Green, katikati ya Oxford. Barua za hoteli huandika 15:00, yaani saa 9 alasiri, na kabla ya hapo hupewi ufunguo, ingawa mapokezi kwa kawaida hukutunzia mizigo. Nyumba ndogo za wageni hazina mtu wa mapokezi usiku kucha. Ndege ikichelewa na hukuwaambia, utakuta mlango umefungwa.

Beba kadi ya benki yenye jina lako mwenyewe, uwe umeiarifu benki kwamba itatumika Uingereza. Hoteli huijaribu siku chache kabla, na ikikataa, nafasi yako huweza kufutwa. Ukifika, watashikilia kiasi fulani kama dhamana, na kwa kadi inayokata akaunti moja kwa moja fedha hiyo huchukua siku kadhaa kurudi. Mashine ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa shilingi, chagua pauni, maana kiwango cha mashine hukuumiza.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Chuo Kikuu cha Oxford hutangaza tarehe za mihula yake miaka kadhaa mbele. Zichapisheni mara moja kwa mwaka kwenye ukurasa wa safari, mwezi Januari, kabla wazazi hawajaanza kununua tiketi za ndege.

Wenu,
Mpanga safari